Mlima Ukipasuka Mbali, Njaa Huweza Kufika Karibu

Ndugu Wanachama,

Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita tulikuwa na hoja ya kung'oa mihogo iliyoko katika kipande cha shamba la chama na kuweka miche ya mikarafuu mahali pake. Hoja ile ilipendwa na wengi, na mimi Katibu wenu nilikuwa mmoja wao. Wakati tulipokuwa karibu kuikata shauri, mzee mmoja miongoni mwetu alisimama akauliza swali ambalo baadhi ya vijana walilicheka. Alikuwa amesikia katika redio habari ya mlima wa Hayli Gubbi, huko Uhabeshi, uliopasuka tarehe 23 Novemba 2025, na majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, hata yakafika Bara Hindi. Akasema, "Bwana Katibu, ikiwa majivu ya mlima mmoja yaweza kwenda mbali namna hiyo, siku utakapopasuka mlima ulio mkubwa kupita huo, sisi wa karafuu tutakula nini?"

Sikuwa na jibu. Niliomba hoja iahirishwe, nikaahidi kulitafuta jibu na kuliandika katika kijarida hiki. Bahati njema, mwezi wa Januari nilipata safari ya kwenda Mara kumzuru shemeji yangu aliyeoa na kukaa Musoma. Niliyoyaona huko, pamoja na niliyoyasoma, ndiyo haya ninayowaletea.

NCHI ISIYO NA MLIMA WA MOTO

Musoma ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mawe yake ni majabali makubwa ya kale. Kutoka hapo nilipanda gari kwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, na huko nako ni vilima vya majabali vilivyopandana kama magunia gatini. Nikaendelea hata Bunda, penye mashamba ya pamba, mtama na mihogo. Katika njia yote hiyo sikuona mlima wowote unaotoa moshi, wala wenyeji hawana hofu ya jambo hilo. Mlima wa moto ulio hai katika upande ule wa nchi ni Oldoinyo Lengai, ulioko Umasaini, zaidi ya kilomita 250 kutoka Musoma.

Hata hivyo, mzee mmoja wa Bunda niliyekaa naye barazani aliniambia, "Mwanangu, sisi hapa hatuna mlima wa moto, lakini twala katika sahani yake." Nilidhani ni fumbo, kumbe ni habari ya kweli.

Kwa zama nyingi mno milima ya upande wa Ngorongoro, hasa Kerimasi na Oldoinyo Lengai, ilitoa majivu, na pepo zitokazo mashariki zikayachukua kuelekea magharibi na kuyamwaga juu ya mbuga za Serengeti. Karibu na milima majivu yalianguka kwa unene, na kadiri ulivyokwenda kaskazini magharibi ndivyo yalivyopungua. Majivu yale yana chokaa nyingi. Mvua iliyanyeshea, chokaa ikashuka chini kidogo, ikaganda ikawa tabaka gumu kama saruji. Ndiyo maana mbuga za kusini mashariki hazina miti: mizizi yake haiwezi kulipenya tabaka lile. Lakini majani mafupi humea vizuri, nayo yana madini yafaayo kwa mifupa na maziwa. Basi nyumbu, ambao idadi yao yapita 1,000,000, huenda huko wakati wa mvua kuzaa, na wengi wa ndama huzaliwa katika muda wa wiki chache tu, aghalabu mwezi wa Februari.

Mvua ikiisha nyumbu huondoka. Wengi hushika njia ya magharibi, katika ule ukanda wa hifadhi unaofika karibu na ziwa upande wa Bunda, kisha hupanda kaskazini mpaka Mto Mara. Wanapouvuka mto ule wengi hufa maji. Wataalamu waliohesabu mizoga walitangaza mwaka 2017 kwamba kwa wastani ni zaidi ya 6,000 kila mwaka. Nyama yake huliwa na ndege, mamba na samaki, na mifupa huendelea kutoa rutuba majini kwa muda wa miaka 7 hivi. Na Mto Mara, ndugu wasomaji, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Hivyo majivu yakawa majani, majani yakawa nyumbu, na nyumbu wakawa rutuba ya mto uendao ziwani. Mzee wa Bunda hakunidanganya.

Sisi wa karafuu pia hatuna haki ya kuyatukana majivu. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, na Ternate na Tidore, vilivyovuma zamani kwa karafuu, ni milima ya moto iliyochomoza baharini. Mti tunaoutegemea ni mtoto wa udongo wa namna hiyo.

Lakini hapa ndipo pa kuangalia sana. Neema hii ilichukua maelfu na maelfu ya miaka kupatikana. Siku majivu yanapoanguka, kwa yule aliye chini yake hakuna neema. Oldoinyo Lengai ulipopasuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, majivu yaliharibu malisho ya jirani, na baadhi ya wafugaji walilazimika kuhama na mifugo yao. Faida ya majivu huja baada ya karne nyingi; hasara yake huja kabla ya mavuno yajayo. Na mwanadamu hali kwa karne, hula kila siku.

VOLKANO KUU NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba volkano iliyo kubwa kabisa ni ule mlima ulio mrefu kabisa. Sivyo. Chini ya volkano kuna mkusanyiko wa mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yaliyochanganyika na hewa nyingi iliyobanwa. Mkusanyiko ukiwa mkubwa kupita kiasi na ukatoka kwa ghafula, huacha pango tupu chini ya ardhi, na dari ya pango lile huporomoka. Kinachobaki si kilele bali ni shimo. Mfano tunao nchini mwetu. Ngorongoro ilikuwa mlima mkubwa, nao ulijiporomokea ndani yapata miaka milioni 2 au zaidi iliyopita, ukaacha bonde lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260. Ngorongoro haihesabiwi katika volkano kuu, lakini namna ya shimo lake ni ileile.

Wataalamu huita volkano kuu ile iliyotapika katika mpasuko mmoja zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za majivu na mawe. Ili tupate kukifahamu kiasi hicho, tufanye hesabu ya nyumbani. Kama kifusi chote hicho kingemwagwa juu ya kisiwa cha Unguja peke yake na kusambazwa sawasawa, kingesimama kimo cha mita 600 hivi, yaani kingetosha kufunika minazi, minara na kila kitu.

Mipasuko ya namna hii ni nadra sana. Wa mwisho ulitokea New Zealand, mahali paitwapo Taupo, yapata miaka 25,000 iliyopita. Ulio maarufu zaidi ni wa Toba, katika kisiwa cha Sumatra, yapata miaka 74,000 iliyopita. Shimo lake leo ni ziwa lenye urefu wa kilomita 100 hivi.

KIVULI JUU YA KITALU

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Majivu, kwa kuwa ni vumbi la mawe, huanguka baada ya siku au wiki. Kinachokaa ni kingine. Volkano hutoa hewa ya kiberiti. Mpasuko ukiwa na nguvu, hewa hiyo hurushwa juu kupita mawingu ya mvua, na huko juu hugeuka kuwa matone madogo sana ya tindikali. Kwa kuwa yako juu ya mvua, hakuna cha kuyaosha. Hukaa mwaka mmoja, miwili, au zaidi, yakizungushwa na upepo duniani kote, na kila tone hurudisha angani sehemu kidogo ya mwanga wa jua.

Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kila mmoja wetu hujenga chanja ya makuti juu ya kitalu ili miche isiungue na jua. Jua halizimwi, hupunguzwa tu, na chini yake pakawa na ubaridi. Matone yale ni kama chanja ya makuti iliyotandazwa juu ya dunia nzima, ila hatukuitandaza sisi wala hatuwezi kuiondoa.

Tarehe 15 Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipasuka ukarusha juu hewa ya kiberiti ipatayo tani milioni 15 au zaidi. Kwa muda wa mwaka mmoja na kitu dunia ilipoa kwa yapata nusu digrii. Na Pinatubo ni mdogo sana ukilinganishwa na Toba.

Mtu ataniuliza, nusu digrii ina ubaya gani kwa nchi ya joto kama yetu? Kwa baridi peke yake, mkarafuu hauwezi kudhurika. Shida iko katika mvua. Mvua zetu huletwa na pepo, na pepo huendeshwa na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari. Jua likipungua nguvu, bahari hutoa mvuke kidogo, nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na pepo za mvua hulegea. Masika au vuli yaweza kuja haba, au kuja si wakati wake.

Nilipokuwa Musoma nilitazama ziwa lile lisilo na ng'ambo machoni, nikadhani kwamba lalishwa na mito mikubwa. Kumbe yapata asilimia 80 ya maji yaingiayo humo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo ziwa hufuata mvua upesi. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2 hata kufika mwaka 1964, na mwaka 2020 lilipanda tena likaingia katika nyumba na mashamba ya pwani yake. Na kinyume chake kimetokea pia: zamani sana, kabla ya miaka 15,000 iliyopita, ukame wa muda mrefu ulilikausha pakamea majani. Ukame ule haukuletwa na volkano, lakini watuonyesha kwamba hata ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni mtoto wa mvua, kama shamba la mkulima.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kukisia tu. Mwezi wa Juni 1783 ardhi ilipasuka huko Laki, katika kisiwa cha Iceland, na ikaendelea kutoa moto na hewa ya kiberiti mpaka Februari 1784. Katika Iceland yenyewe mifugo mingi ilikufa, na yapata mtu mmoja katika kila watano alifariki. Lakini tazama habari ya mbali: mwaka 1783 na 1784 mafuriko ya Mto Nile yalikuwa haba, na njaa kubwa ikaingia Misri. Wataalamu waliokagua jambo hilo wameona kwamba baridi iliyoletwa na Laki ililegeza pepo za mvua za Afrika, na milima ya Uhabeshi ikakosa mvua yake. Mkulima wa Misri hakuwahi kusikia jina la Iceland, lakini mkate wake ulichukuliwa na moto wa huko.

Mwezi wa Aprili 1815 ulipasuka mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, kwenye bahari ileile ya visiwa vya mashariki inayokwenda mpaka Maluku. Makumi ya maelfu ya watu walikufa, na wengi wao hawakuuawa na moto bali na njaa na maradhi yaliyofuata, kwa sababu majivu yalifunika mashamba yao. Mwaka uliofuata, 1816, Ulaya ilikosa majira ya joto. Mvua na baridi viliozesha nafaka mashambani, na katika kaskazini mashariki ya Marekani theluji ilianguka mwezi wa Juni. Bei ya nafaka ikapanda, na watu wa Uswisi na Ujerumani wakaona njaa. Mpasuko ulikuwa Aprili 1815. Njaa ya mbali ilikuja mwaka wa pili yake. Shikeni sana jambo hili la tarehe, kwani ndilo litakalotusaidia mbele.

Wala tusitishike kupita kiasi. Zamani ilisemwa kwamba Toba iliiweka dunia yote katika baridi kali na karibu imalize wanadamu. Lakini chembe ndogo za majivu ya Toba zimepatikana katika matope yaliyo chini ya Ziwa Nyasa, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba matabaka yaliyo juu yake hayana dalili ya baridi kubwa katika upande huo. Chembe hizo zimepatikana pia pwani ya Afrika Kusini, mahali walipokaa watu wa kale, na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba watu wale waliendelea kuishi hapo kama kawaida. Walikuwa wakila vyakula vya namna nyingi, vya nchi kavu na vya baharini. Madhara hayawi sawa kila mahali, na mwenye vyakula vingi huvumilia kuliko mwenye kimoja.

JIRANI ZETU WA NGAZIJA

Kama mtaona mifano hiyo ni ya mbali au ya zamani, tazameni Ngazija, ambao ni wanavisiwa kama sisi na hulima karafuu kama sisi. Mlima wao Karthala ulipasuka mwezi wa Aprili na tena Novemba mwaka 2005. Haukuwa mpasuko mkubwa kwa kipimo cha dunia, lakini majivu yalianguka mpaka mji wa Moroni. Kwa kuwa watu wengi wa Ngazija hutegemea maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuwekwa katika mabirika, majivu yaliingia humo na maji ya kunywa yakaharibika kwa watu wengi sana. Walizungukwa na bahari, na birika zilikuwa zimejaa, lakini hawakuwa na maji ya kunywa.

JIBU LA SWALI

Sasa namjibu mzee wetu, na namwomba radhi kwa niaba ya waliocheka.

Mlima mkubwa ukipasuka mbali, mikarafuu yetu aghalabu haitakufa. Yaweza kupata mvua isiyo na wakati, ikazaa kidogo mwaka mmoja au miwili, kisha ikarejea. Lakini mchele mwingi tunaoula huletwa kwa vyombo kutoka nje, nazo nchi zinazoulima hutegemea pepo zilezile za mvua. Mavuno yao yakipungua, kwanza watakula wao, kisha ndipo watauza, na kwa bei wanayoitaka. Siku hiyo karafuu iliyojaa ghalani haitapikwa ikalika. Hatari yetu, basi, haiko juu ya mti, iko ndani ya chungu.

Wazee wetu walilijua somo hili kwa njia nyingine. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Waliopanda tena walingoja, kwa maana mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka miaka 6 au zaidi ipite. Muhogo hauhitaji kungojewa hivyo. Katika muda wa mwaka mmoja waweza kuchimbwa. Na tumekwisha kuona kwamba baina ya mpasuko wa mbali na njaa yake hupita mwaka mmoja hivi. Mwenye shina la muhogo ardhini na makopa ndani ataupita mwaka huo. Mwenye mche wa mkarafuu peke yake hataupita.

Nilipomweleza mzee wa Bunda habari ya hoja yetu, hakutoa hotuba. Alinionyesha makopa yaliyoanikwa juu ya jabali mbele ya nyumba yake, naye ni mkulima wa pamba tangu ujana wake. Akasema, "Pamba ni ya kuuza. Haya ni ya kwangu."

Kwa hiyo, ndugu wanachama, nayaleta mambo haya mbele yenu:

1. Kipande cha mihogo katika shamba la chama kisiguswe. Miche mipya ya mikarafuu ipandwe mahali palipokufa mikarafuu mizee, napo pengo si haba.

2. Kila mwanachama awe na sehemu ya shamba lake yenye muhogo, ndizi au viazi, na kila mwaka aweke makopa ya kutosha nyumba yake kwa miezi michache.

3. Mwenye birika au pipa la maji ya mvua alitengenezee kifuniko. Majivu yakionekana yanaanguka, aondoe bomba litokalo paani kabla ya mvua kunyesha.

4. Karafuu zikiwa juani na vumbi la namna hiyo likatokea, majamvi yakunjwe na karafuu ziingizwe ndani. Mwenye kufagia majivu afunge kitambaa puani na mdomoni.

5. Habari za milima na hali ya hewa zisichukuliwe kwa uvumi wa barazani au wa simu. Ziulizwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Mimi niliyekuwa nikiunga mkono hoja ya kung'oa mihogo, sasa naiondoa kauli yangu. Hoja itapigiwa kura katika mkutano ujao, na kila mmoja ana haki ya kusema lake. Naomba tu kwamba kabla ya kuinua mkono, kila mtu atazame nyumbani kwake na ajiulize: vyombo visipofika kwa miezi mitatu, ndani mna nini?

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama